Derivativu ni kamari iliyovaa suti. Nipingeni kwa hesabu, si kwa maneno

Kokotoa (#1)
Habari wakuu. Kila siku nasikia fyucha (ahadi ya kununua au kuuza siku ya mbele kwa bei ya leo), opsheni (haki ya kufanya hivyo bila kulazimika) na swopu (kubadilishana malipo) zikisifiwa kuwa ni "kinga". Kinga gani? Derivativu ni mkataba ambao thamani yake inategemea bei ya kitu kingine: mafuta, dhahabu, hisa, riba, fedha za kigeni. Mimi nikipata 100, aliye upande wa pili kapoteza 100. Hakuna gunia lililoongezeka wala pipa lililochimbwa. Sasa hapo tofauti na karata iko wapi? Mwenye hoja aje na tarakimu. Zile nyimbo za "soko ni fursa" zina uzi wake.

Nahodha2 (#2)
Nimekaa mstari wa mbele.

Mzani (#3)
Mkuu Kokotoa, nusu umepatia. Fedha inayohama kati ya pande mbili jumla yake ni sifuri, na ukitoa ada za dalali na za soko inakuwa chini ya sifuri. Hilo sibishi.

Ulichoruka ni kwamba mcheza karata anaitengeneza hatari pale mezani. Mkulima anayo tayari kabla hajasaini chochote. Chukua fyucha ya mahindi ya Chicago, mkataba mmoja ni busheli 5,000 (busheli ni kipimo cha nafaka). Mkulima anatarajia busheli 50,000, gharama yake ni dola 4 kwa busheli, na fyucha ya mwezi wa mavuno inauzwa dola 4.50. Anauza mikataba 10.

Bei ikianguka hadi 3.80, mahindi yake anayauza 3.80 na fyucha aliyoiuza 4.50 inamlipa 0.70. Jumla 4.50. Bei ikipanda hadi 5.40, fyucha inamnyang'anya 0.90 lakini mahindi anayauza 5.40. Jumla 4.50 ileile. Huyo hajacheza. Kabla ya mkataba ndipo alipokuwa anacheza, bila kujua.

Bawabu (#4)
Mzani, hesabu yako ni safi kwa sababu mvua imenyesha kwenye karatasi. Ukame ukija akavuna busheli 30,000 tu, mikataba minne kati ya ile 10 haina mahindi nyuma yake. Na ukame ndio unaopandisha bei. Kwa 5.40 anapoteza 0.90 × 20,000 = dola 18,000 kwenye kitu asichonacho. Kinga imegeuka kitanzi. Mwenye akili hafungi mavuno yote wakati mbegu bado iko ardhini.

Halafu ile 4.50 "kamili" hapati mtu. Bei ya mahali alipo mkulima na bei ya soko la fyucha hazitembei sambamba. Pengo hilo linaweza kupanuka senti 20 au 30 siku anayouza, na mkataba haumfidii. Anabadilisha hatari kubwa ya bei kwa hatari ndogo ya pengo. Ni biashara nzuri, lakini msiiite bima kamili.

Kibubu (#5)
Wataalamu, kabla hamjapaa: fowadi na fyucha ni kitu kimoja au viwili? Na hii "dhamana" inayodaiwa kwenye fyucha ni malipo ya awali kama arubuni?

Mzani (#6)
Viwili. Fowadi ni makubaliano ya watu wawili, kiasi na tarehe mnapanga wenyewe, na mara nyingi fedha haisogei mpaka siku ya mwisho. Mwenzio akifilisika kabla ya siku hiyo, umeumia. Fyucha ina vipimo vilivyopangwa na soko, na katikati yenu inasimama taasisi ya malipo: kwa muuzaji yenyewe ndiye mnunuzi, kwa mnunuzi yenyewe ndiye muuzaji. Ili isiumie, inahesabu faida na hasara kila siku na kuhamisha fedha usiku huohuo.

Dhamana si arubuni. Hujalipia sehemu ya mali. Ni fedha ya kuthibitisha kwamba hasara ya siku moja au mbili unaimudu. Mfano wa dhahabu, mkataba mmoja ni aunzi 100. Bei iwe dola 2,000, mkataba una thamani ya 200,000. Tuseme dhamana ya kuanzia ni 10,000 na kiwango cha chini ni 9,000. Dhahabu ikishuka dola 15, akaunti inakatwa 1,500, inabaki 8,500. Simu inalia: dalali anataka nyongeza.

Kibubu (#7)
Shukrani mwalimu. Kwa hiyo anaongeza 500 ili arudi kwenye 9,000?

Mzani (#8)
Hapana, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Ukishapita chini ya kiwango cha chini unarudi hadi dhamana ya kuanzia, si hadi 9,000. Anaweka 1,500. Asipoweka kwa wakati, dalali anafunga mkataba kwa bei iliyopo, hata kama dakika kumi baadaye dhahabu inarudi.

Kokotoa (#9)
Asante kwa kunipa silaha. Dola 10,000 zinashika mali ya 200,000. Mara 20. Bei ikienda kinyume asilimia 5 tu, mtaji wote kwisha. Na hiyo si kamari?

Deltangu (#10)
Hiyo ni hesabu ya mtu aliyeweka 10,000 na hana nyingine. Mkataba haukulazimishi. Ukiweka 100,000 kwenye akaunti na kushika mkataba mmoja, unatembea na mara 2. Dhamana ni kiwango cha chini cha soko, haikuwa ushauri. Tatizo ni madalali wanaoitangaza kana kwamba ndiyo bei ya kuingilia.

Na nyongeza kwa Kibubu: kwenye fyucha hasara haina dari kwenye dhamana yako. Soko likifunguka limeruka, unaweza kudaiwa zaidi ya ulichoweka.

Zohali (#11)
Historia kidogo. Mambo haya yalianza Chicago mwaka 1848, wafanyabiashara wa nafaka…

Bawabu (#12)
Simama hapo Zohali. 1848 ni mwaka wa kuanzishwa Chicago Board of Trade. Mikataba ya fyucha yenye vipimo sawa ilikuja 1865. Na Wajapani walikuwa mbele: soko la mchele la Dojima, Osaka, lilitambuliwa rasmi na utawala wa kijeshi wa shoguni mwaka 1730, likiwa na mikataba ya mchele ambao haujafika na mfumo wa kukamilisha malipo.

Zohali (#13)
Nimekubali. Basi naongeza Thales wa Mileto, kwa simulizi ya Aristotle: aliweka arubuni ndogo kwenye mashinikizo ya zeituni kabla ya msimu, mavuno yakawa makubwa, akayakodisha kwa bei aliyotaka.

Deltangu (#14)
Na ile ilikuwa opsheni, si fyucha. Mavuno yangekuwa mabaya angepoteza arubuni peke yake. Ndiyo tofauti yote hiyo: mnunuzi wa opsheni ana haki, muuzaji ana wajibu, na haki inalipiwa.

Ngoja niiweke kwa namba maana hapa upotoshaji ni mwingi. Hisa iko 50. Unanunua opsheni ya kununua kwa bei ya mkataba 50, muda miezi mitatu, ada 3 kwa hisa. Mkataba wa kawaida wa hisa Marekani ni hisa 100, kwa hiyo umelipa 300. Siku ya mwisho hisa iko 52. Ulitabiri itapanda, imepanda, na umepoteza 100. Kupatia upande hakutoshi.

Kibubu (#15)
Kumbe mpaka ifike 53 ndiyo unaitekeleza. Nimeelewa.

Deltangu (#16)
Aa, hujaelewa bado ndugu yangu. Kwa 52 unaitekeleza vilevile, au unaiuza kabla ya kengele. Ukiitekeleza unapata 2 na hasara inakuwa 1. Ukiiacha ife unapoteza 3 nzima. Ile 3 imeshaondoka, haipaswi kuingia kwenye uamuzi wa leo. 53 ni mahali hasara inapokwisha, si mahali haki inapoanza kuwa na thamani.

Nahodha2 (#17)
Kibubu leo kala za uso mara mbili, lakini anatuulizia wengi.

Kokotoa (#18)
Na hiyo ada ya 3 imetoka wapi? Nani kaamua isiwe 2 au 5?

Deltangu (#19)
Swali zuri kuliko uzi wako. Kanuni ya Black na Scholes ya 1973 inajibu, lakini kwa opsheni ambayo bei ya mkataba ni sawa na bei ya sasa kuna njia ya mkato ya kichwani: 0.4 × bei × mtikisiko wa mwaka (kiasi bei inavyoyumba) × kipeuo cha pili cha muda kwa miaka. Mtikisiko ukiwa asilimia 30 na muda robo mwaka: 0.4 × 50 × 0.30 × 0.5 = 3.

Sasa acha hisa ikae palepale 50 hadi ubaki mwezi mmoja. Kipeuo cha pili cha 1/12 ni 0.289, opsheni inakuwa kama 1.73. Miezi miwili ya kwanza imekula 1.27, mwezi wa mwisho peke yake utakula 1.73. Muda hauli kwa mwendo mmoja, unakimbia mwishoni.

Na mtikisiko ndio mtego mwingine. Kabla kampuni haijatangaza matokeo kila mtu anataka opsheni, mtikisiko uliomo ndani ya bei unavimba. Asubuhi baada ya tangazo unanywea. Hisa imepanda asilimia 2, opsheni yako ya kununua imeshuka. Hujaibiwa na mtu. Ulilipia mshindo mkubwa ukapewa mdogo.

Mzani (#20)
Kukazia: opsheni ya kununua na ya kuuza zimefungwa kamba moja. Hisa 50, bei ya mkataba 50, mwaka mmoja, riba asilimia 5, hakuna gawio, utekelezaji siku ya mwisho tu. Tofauti ya ada zake lazima iwe 50 − 50/1.05, yaani kama 2.38. Ikitoka hapo, mtu ananunua ya rahisi, anauza ya ghali, anasawazisha kwa hisa, na analala usingizi. Kwa hiyo Kokotoa, bei haitoki kwenye hisia za kijiweni.

Kokotoa (#21)
Basi nielezeni Barings, benki ya Uingereza. 1995, Nick Leeson, mfanyabiashara wake wa Singapore, pauni milioni 827 zikayeyuka, benki ya zaidi ya miaka 200 ikauzwa kwa ING kwa pauni 1.

Bawabu (#22)
Leeson alikuwa ameuza opsheni za kununua na za kuuza kwa pamoja kwenye Nikkei 225, kipimo cha bei za hisa za Japani. Muuzaji wa namna hiyo anakula ada soko likitulia. Tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995 likalitikisa. Akaongeza fyucha akitumaini soko litarudi, na hasara ikafichwa kwenye akaunti 88888.

Lakini chanzo ni cha kiofisi: mtu mmoja alikuwa anafanya biashara na huyohuyo anasimamia hesabu za nyuma. Ukimpa keshia funguo za ghala na daftari la ukaguzi, hata akiuza maharage utafilisika.

Deltangu (#23)
Sikubaliani moja kwa moja. Udhibiti mbovu uliruhusu ifiche, lakini kasi ya kuifikisha milioni 827 ililetwa na derivativu. Huwezi kupoteza kiasi hicho kwenye maharage kwa wiki chache bila mtu kuona malori.

Kokotoa (#24)
Sasa mnaongea lugha yangu.

Zohali (#25)
Mimi ninayo ngumu zaidi: Metallgesellschaft, kampuni ya Ujerumani, 1993. Hawa walikuwa wanajikinga. Kampuni yao tanzu Marekani iliahidi wateja mafuta kwa bei isiyobadilika, hadi miaka 10, wakajikinga kwa fyucha za muda mfupi, zikiisha wananunua za mwezi unaofuata. Bei ya mafuta ikashuka. Faida ya mikataba ya wateja ilikuwa ya baadaye, kwenye karatasi. Hasara ya fyucha ilikuwa ya leo, taslimu. Zaidi ya dola bilioni 1 zikaondoka.

Merton Miller, aliyepata Nobel ya uchumi 1990, alitetea mpango wenyewe na kusema kosa lilikuwa kufunga fyucha katikati ya safari. Wengine wakasema kinga ya mwezi mmoja kwa ahadi ya miaka 10 ni ubashiri juu ya pengo la bei za miezi, hata ikiitwa kinga. Hadi leo wachumi wanarushiana.

Mzani (#26)
Mimi niko na Miller, nusu. Kinga ilikuwa na mantiki, ukata wa fedha taslimu ndio uliowaua. Ukijikinga kwa fyucha lazima uandae fedha ya simu za dhamana kama vile unavyoandaa mishahara.

Bawabu (#27)
Mimi siko na Miller hata robo. Kila mwezi walipokuwa wanahamisha mkataba, wa mbele ulikuwa ghali kuliko unaoisha. Hiyo ni hasara ya kudumu, si ya ukata.

Kibubu (#28)
Samahani wakubwa. Kwa nini mkataba wa mbele uwe ghali? Si ina maana soko linatabiri bei itapanda?

Mzani (#29)
Si lazima. Kitu cha 100, riba asilimia 6 kwa mwaka, ghala 2 kwa mwaka, muda miezi sita. Kukibeba kunagharimu 3 + 1, kwa hiyo fyucha ni 104. Ikiwa 107, nakopa, nanunua, nahifadhi, nauza fyucha, nakabidhi. 3 mfukoni bila kubashiri lolote. Ile 104 ni bei ya kubeba mzigo, haina unabii.

Zohali (#30)
Na ikiwa 96, Mzani? Huwezi kuuza mafuta usiyokuwa nayo ghalani ili kulirekebisha soko. Hapo ndipo mchumi Keynes anaingia: wazalishaji wengi wanataka kuuza mapema, kwa hiyo wanampa mnunuzi punguzo ili abebe hatari. Fyucha inakaa chini ya bei inayotarajiwa, na punguzo hilo ndilo ujira wa mlanguzi.

Deltangu (#31)
Au maelezo ya mchumi Kaldor: mwenye bidhaa mkononi ana faida ya kuwa nayo. Kiwanda kikikosa mafuta kinasimama, kwa hiyo pipa la leo lina thamani kuliko karatasi ya pipa la Desemba. Hakuna ujira wa mlanguzi hapo, kuna uhaba tu. Ghala zikikauka, fyucha za mbele zinakuwa rahisi kuliko bei ya leo.

Zohali (#32)
Yote mawili yanaweza kutoa 96 ileile. Utayatofautishaje?

Deltangu (#33)
Kwa kuangalia akiba ya maghala. Ikijaa na bado fyucha iko chini, nitakuomba radhi.

Nahodha2 (#34)
Tukiwa kwenye maghala: Aprili 20, 2020, mafuta ghafi ya Marekani, WTI, yalifunga kwa dola −37.63 kwa pipa. Kwa mkataba mmoja wa mapipa 1,000, muuzaji alikuwa ANALIPA 37,630 ili mtu amchukulie mzigo. Mwenye maelezo?

Bawabu (#35)
Mkataba wa Mei ulikuwa unaisha kesho yake, makabidhiano ni Cushing, Oklahoma, na nafasi ya matangi ilikuwa imeshachukuliwa au kukodiwa. Usipokuwa na tangi unakimbia kwa bei yoyote.

Mzani (#36)
Matangi hayaelezi kwa nini siku ile na kwa kasi ile. Kuna agizo linalokuwezesha kununua mapema kwa bei ya kufungia ambayo haijajulikana. Bei ya kufungia ya WTI inatokana na wastani wa biashara ya dakika mbili, 8:28 hadi 8:30 mchana saa za New York. Aliyenunua kwa agizo hilo huku akiuza kwa nguvu siku nzima, anafaidika kadiri bei ya kufungia inavyozama.

Kokotoa (#37)
Mimi nilisikia ni zile fandi (mifuko ya pamoja ya uwekezaji) za wawekezaji wadogo zilizolundikana kwenye mafuta.

Bawabu (#38)
Ile kubwa ya Marekani ilikuwa imeshahama mkataba wa Mei kabla ya siku hiyo. Ilichangia msongamano wa Aprili kwa ujumla, lakini kuitwisha dakika zile mbili ni kuionea.

Deltangu (#39)
Kidokezo cha kiufundi: kanuni ya kawaida ya bei za opsheni inatumia logariti, na namba hasi haina logariti. Tarehe 22 Aprili CME, soko la fyucha la Chicago, ikahamishia opsheni zake za mafuta kwenye kanuni ya Bachelier, mwanahisabati wa Ufaransa ambaye tasnifu yake ni ya mwaka 1900. Babu kaitwa kazini upya.

Kibubu (#40)
Swopu sasa. Programu yangu ya kununua na kuuza sarafu inanikata "swopu" kila usiku. Ndiyo hiyohiyo?

Mzani (#41)
Hapana. Hiyo ni tofauti ya riba ya kulaza mkataba, na dalali anaongeza chake juu. Swopu ya riba ni hivi: kampuni ina mkopo wa riba inayopanda na kushuka, wa milioni 1. Inakubaliana na benki kulipa asilimia 5 isiyobadilika na kupokea ile inayobadilika. Ikifika 6, kwa miezi sita kampuni inapokea 1,000,000 × 1% × ½ = 5,000, na inazitumia kufidia mkopo wake. Ile milioni 1 haihami, ni kipimo cha kukokotolea tu. Ndiyo maana mkisikia derivativu za nje ya masoko rasmi zina thamani ya dola trilioni zaidi ya 600, msizimie: thamani halisi ya kudaiana ni sehemu ndogo sana.

Bawabu (#42)
Sehemu ndogo mpaka ikusanywe siku moja. AIG, kampuni ya bima ya Marekani, iliuza kinga dhidi ya madeni kutolipwa. Kilichoiangusha Septemba 2008 kwa sehemu kubwa ni madai ya dhamana, yaliyokuja wakati madeni mengi yale yalikuwa bado yanalipwa. Benki kuu ya Marekani ikatoa mkopo wa dola bilioni 85.

Na Kibubu, hiyo programu yako uwezekano mkubwa inauza mikataba ya tofauti ya bei (mnalipana tofauti tu ya bei ya kuingia na ya kutoka), si fyucha. Aliye upande wa pili mara nyingi ni dalali mwenyewe. Msimamizi wa masoko wa Ulaya mwaka 2018 alitaja akaunti za wadogo zinazopoteza kuwa asilimia 74 hadi 89, akaweka kikomo cha mara 30 ya dhamana kwa sarafu kubwa. Angalia mambo matatu: nani anapanga bei, unakatwa nini kwa usiku, na je akaunti inaweza kushuka chini ya sifuri.

Kokotoa (#43)
Asilimia 74 hadi 89. Nimalize?

Mzani (#44)
Hizo ni za mikataba ya tofauti ya bei kwa wadogo, mkuu. Usizibebe hadi kwa yule mkulima wa #3.

Kokotoa (#45)
Mkulima wa #3 aliuawa na Bawabu kwenye #4.

Bawabu (#46)
Sikumuua, nilimwambia auze mikataba sita badala ya 10.

Zohali (#47)
Kwa wanaopenda vichekesho: Marekani ilipiga marufuku kwa sheria fyucha za vitunguu mwaka 1958, baada ya watu wawili kulishika soko lote la Chicago. Marufuku bado ipo. Kokotoa, una bidhaa moja iliyokubaliana nawe.

Deltangu (#48)
Na bei ya vitunguu bado inaruka kama panzi. Kwa hiyo fyucha zilikuwa zinaitikisa au zilikuwa zinaituliza?

Kokotoa (#49)
Leta namba za kabla na baada ya 1958, tutaanzia hapo.